Jezi Tulipewa, Shimo Tukaachiwa

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Kampuni ya ujenzi wa barabara iliyopita kwenu iliifanyia jamii jambo gani la maana?" Nimeona nijibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu lami ilipopita kwetu, huku mkoani Tabora, mimi ndiye niliyekuwa mtendaji wa kijiji, na makaratasi yote ya misaada yalipitia mezani pangu. Mkandarasi simtaji. Hakuwa mbaya kuliko wengine niliokuja kusikia habari zao.

Tulipewa madawati 40, saruji ya zahanati, mipira na jezi seti mbili. Siku ya kukabidhi turubai lilifungwa, diwani akahutubia, ngoma ikapigwa, na watoto wa shule wakasimama juani tangu saa tatu hadi mgeni rasmi alipowasili saa sita na nusu. Mpiga picha wa kampuni aliwapanga upya mara tatu ili bango lenye nembo lisizibwe na vichwa. Makofi nilipiga, tena kwa moyo. Watoto waliokuwa wanaandikia magotini walipata pa kuegemea, na hilo sitalibeza hata leo.

Lakini wiki mbili kabla ya sherehe ile kulikuwa na barua. Afisa uhusiano wa kampuni, kijana mpole anayejua kuamkia wazee, alikuja ofisini na barua imeshachapwa, ikisubiri muhuri tu. Ilisema kwamba uongozi wa kijiji unaiomba kampuni isilifukie shimo la moramu, bali iliache kama lilivyo ili liwe lambo la kunyweshea mifugo. Tuliona tumeokota embe dodo chini ya mwarobaini. Wafugaji wetu kiangazi walikuwa wakiswaga ng'ombe asubuhi na kurudi jioni kwa ajili ya maji. Mwenyekiti akasaini, nami nikasaini na kugonga muhuri. Chai ikaletwa.

Kwa asiyelijua shimo la moramu: ndiko unakochimbwa udongo mgumu wa kushindilia chini ya lami. Kabla ya kuchimba, greda huparua udongo wa juu, ule wenye rutuba, na kuurundika pembeni. Kazi ikiisha, mkandarasi anatakiwa alaze kingo za shimo ziwe mteremko, arudishe udongo ule, kisha apande majani au miti. Si hisani hiyo. Imo katika mpango wa mazingira wa mradi, na mpango wenyewe unatokana na tathmini inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ina gharama, na gharama hiyo mkandarasi huipiga hesabu anapoomba kazi. Barua yetu ya mistari sita ilimwondolea mzigo huo wote. Siku ya tatu baada ya muhuri wangu, kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kilipandishwa kwenye trela kikaondoka.

Mvua za Novemba ziliponyesha shimo lilijaa, tukafurahi. Maji yalipotulia ndipo tukaona tulichokiomba. Kingo zilisimama wima kama kuta za kisima, pande zote nne, na kina chake kilizidi vimo viwili vya mtu mzima. Ng'ombe ashukie wapi? Januari mtamba wa jirani yangu alisogea kunywa, ukingo ukamong'onyoka, akatumbukia nao. Tulikesha tukimvuta kwa kamba, watu kumi na mbili na tochi za simu, tukiteleza kwenye tope. Kulipopambazuka alikuwa amekufa. Mwenye mtamba hakunilaumu, ingawa alijua nani aligonga muhuri. Nilichoshindwa kukisahau ni nguo za shule nilizoziona zimeanikwa kwenye kichaka pale ukingoni wiki hiyohiyo. Watoto walikuwa wameshaanza kuogelea.

Nikaenda kwa mhandisi mshauri, yule anayeisimamia kazi kwa niaba ya serikali. Nilitegemea kufukuzwa. Alinikalisha, akafungua jedwali la kazi na bei, wao huliita BOQ, akaniwekea kidole mstari kwa mstari. Semina ya ukimwi iliyotufanya tuiandikie kampuni barua ya shukrani: ilikuwa humo, na bei yake. Maji ya kumwagia vumbi: humo. Alama za kuvukia watoto mbele ya shule: humo pia. Baadaye nilijifunza kwamba hata mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, iliyotengenezwa kwa ajili ya miradi ya benki za maendeleo ina kifungu kinachomtaka mkandarasi aendeshe elimu ya ukimwi kwa wafanyakazi wake na kwa wanavijiji. Kwa hiyo tulikuwa tunashukuru kwa kurudishiwa chenji yetu.

Hayo maji ya vumbi nayo yana kisa. Boza lilipita asubuhi na jioni siku zile gari jeupe la mshauri lilipoonekana. Siku nyingine tipa zilipita zenyewe, na makopa ya akina mama yaliyoanikwa kando ya njia yakageuka rangi ya matofali. Nimtetee mkandarasi hapa kidogo: serikali zetu huchelewa kuwalipa wakandarasi, na mafuta yakipungua kambini, gari la kwanza kuegeshwa ni boza. Sababu ninaielewa. Ila makopa yalikuwa ya mama fulani, na kuchelewa kwa malipo hakumhusu.

Sasa jibu lenu. Mhandisi aliandika agizo, kijiko kikarudishwa, na mwendeshaji wake akafanya kazi tangu asubuhi mpaka kwenye saa saba mchana. Upande mmoja wa shimo aliukata ukawa mteremko mrefu wa polepole, ng'ombe waingie na kutoka kwa miguu yao. Pande tatu alizilaza kadiri muda ulivyomruhusu. Kisha akashuka, akautembea ule mteremko yeye mwenyewe mpaka majini na kurudi, akasema "hapa hata bibi anashuka", akaomba maji ya kunywa. Hapakuwa na bango wala diwani. Nusu siku ya kijiko ndilo jambo la maana ambalo kampuni ile ilitufanyia, na hata hilo ilikuwa inadaiwa.

Naambiwa mimi ni mtu wa kulalamika, kwamba vijiji vya mbele havikupata hata mpira. Ni kweli, havikupata. Ila tazameni Uganda. Barabara ya Kamwenge kwenda Fort Portal, kilomita 66, ilikuwa ikijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Wakazi walilalamika kwenye Jopo la Ukaguzi la benki hiyo, na katika malalamiko yao limo la wafanyakazi wa ujenzi kuwanyanyasa kingono wasichana wadogo. Desemba 2015 benki ilifuta ufadhili wa mradi. Madawati mangapi yangelipa lile? Tangu Oktoba 2018 miradi mipya ya benki hiyo inafuata masharti mapya ya mazingira na jamii, na mojawapo ni kuwepo kwa njia ya wananchi kupeleka malalamiko. Njia hiyo kwetu ilikuwa daftari moja lililofungiwa kwenye kontena la kambi, na askari wa getini alikuuliza una miadi na nani.

Mtendaji aliyepo sasa alinipigia simu mwezi uliopita. Kuna kazi ya matengenezo inakuja, na kampuni imeshapita kumuuliza kijiji kingependa msaada gani. Nilimwambia aombe kwanza kuonyeshwa mpango wa mazingira na orodha ya mashimo watakayochimba, jezi zitajadiliwa baadaye. Akacheka, akaniambia wameshamwachia na rasimu ya barua aisome.

Nikamwelekeza kwenye kabati la chuma, faili la kijani, rafu ya chini. Ya kwangu bado imo, aziweke pamoja azilinganishe.