Wa kwenye kava mbona hawacheki?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi napaka hina na piko hapa Langoni, Lamu, na juzi nimepigwa picha ya bango la kazi yangu. Mpiga picha ati usicheke, kodoa macho, acha mdomo wazi kidogo kama wale wa kwenye kava za majarida. Picha kutoka, mamangu kaitazama akaniuliza, kwani mume kaoa wa pili? Hivi wale kina dada huwa wameudhiwa na nani?
Mpaka piko

JIBU: Marahaba mwanangu, mamako kanichekesha wallahi. Hajaudhiwa mtu, ile ni kazi. Kava ya fasheni yauza nguo, sasa modo akicheka watu wote watazama meno, tena mashavu yakipanda macho yanakuwa madogo na ule wanja wote umepotea. Mdomo kuachwa wazi ni kulegeza taya tu, manake ukiubana ndo yaonekana umenuna kweli. Majarida ya mapishi na malezi hapo utawaona wanacheka mpaka magego, kwa sababu yale yauza urafiki, sio gauni.

Na watu wa fasheni walizoea kava zisizocheka hasa. Novemba 1988 mhariri Anna Wintour alipotoa kava yake ya kwanza ya Vogue ya Marekani, jarida la fasheni, alimweka modo Michaela Bercu anacheka, macho karibu yafumbe, nywele zapeperuka, kavaa jinzi, basi wachapaji wakapiga simu kuuliza kama kweli picha ndo hii au imekosewa!

Lakini hebu tuseme ukweli, sisi wenyewe bibi harusi siku ya kutolewa si anakaa kimya kama sanamu, na akicheka wanawake washaanza kunong'ona hana haya? Tofauti yake ni kuwa yeye ainamisha macho, wa kwenye kava akukodolea wewe.

Wewe wauza piko, kwa hivyo rudia picha na mikono uilete karibu na uso. Cheko la kulazimisha halifai pia, Duchenne yule daktari Mfaransa alishaeleza 1862 kuwa mdomo waweza kuuamrisha lakini ile misuli ya kuzunguka macho haikubali mpaka ufurahi. Ndo uende na mamako, asimame nyuma ya kamera akuulize tena habari za huyo mke wa pili.