Shehe na imamu si cheo kimoja
Kwa anayeuliza kama shehe na imamu ni kitu kimoja: hapana, maneno hayo mawili hayabadilishani nafasi. Shehe, lililotoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mzee, hutumika kwetu kwa mtu aliyebobea katika elimu ya dini, ilhali imamu ni yule anayewasalisha wenzake, hata wakiwa wawili tu nyumbani. Madrasa niliyosomea, aliyetusalisha adhuhuri mara nyingi alikuwa kijana muuza duka, ambaye akishatoa salamu alirudi kwenye mizani yake, na hakuna aliyemwita shehe. Ila tafadhali msichanganye shehe na sheha wa Zanzibar: huyo ni kiongozi wa serikali katika shehia, yaani eneo dogo la utawala, wala si cheo cha dini.