Mnaoanza kazi ya kucha, hii cutex ya kemikali kidogo ijaribuni hivi kabla ya kumpaka mteja

Wadada na makaka mnaoanza, naona mkienda Dubois Road, Nairobi, kununua cutex mnaangalia tu ile namba ya mbele, 3-free, 5-free, 10-free, na kubwa ndio mnadhani ni salama zaidi. Hiyo 3 inamaanisha haina kemikali tatu: toluini, fomaldehaidi na DBP, ile ya kulainisha rangi isipasuke. Ya 5 kwa kawaida inatoa pia resini ya fomaldehaidi na kamfa. Kutoka hapo kwenda juu kila kampuni inajihesabia yake, hakuna sheria moja ya hizo namba, kwa hivyo geuza chupa usome nyuma. Ukiona TPHP jua ni kemikali nyingine ya kulainisha, iliwekwa na kampuni kadhaa badala ya DBP, na mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke na shirika la mazingira EWG kule Marekani walipima mkojo wa wanawake waliojipaka cutex yenye TPHP wakapata alama zake zimepanda, lakini wakivaa glavu na kupaka kucha za bandia hazikupanda hivyo. Yaani inaingilia kwa kucha na ngozi, si kwa pua sana. Kwa hivyo kupaka hadi kwa nyama ya kidole ati utafuta baadaye, hapana, acha nafasi ndogo kando ya kyutikoli, ile ngozi ya mzizi wa kucha. Na hata ikiwa ni ya 10-free harufu bado iko, ile ethili asetati inayoyeyusha rangi haijaenda mahali, fungua dirisha hata kama ni Julai na baridi inauma.

Sasa kujaribu. Zile kucha za plastiki za maonyesho zinakuonyesha rangi na vile brashi inateleza, basi. Hazina mafuta, haziingii maji, hazipindi, sasa zitakuambia nini kuhusu kudumu? Paka kwa vidole vyako mwenyewe, kwa mkono unaofanyia kazi, cutex uliyozoea kwa vidole vingine na hii mpya kwa vingine, beisikoti (ya chini) ile ile na topukoti (ya juu) ile ile, ukibadilisha vyote mara moja hutajua ni nini imefanya nini. Awamu nyingine badilishana vidole maana gumba na cha shahada ndivyo huumia kwanza. Halafu ishi kawaida: fua nguo kwa mkono, sugua sufuria, songa ugali, menya vitunguu.

Jioni shika mkono karibu na taa uangalie imeharibika wapi, hapa ndio kuna elimu yote. Ikimeguka nchani tu, pengine hukupitisha brashi kwa ile makali ya kucha kuifunga, ama koti ilikuwa nene. Ikiambuka yote kama karatasi, mara nyingi cutex haina makosa, ni kucha ilikuwa na mafuta ama maji. Wengi tunafundishwa kuloweka vidole kwa beseni kwanza, lakini kucha ikinywa maji inavimba, ukipaka hapo hapo ikikauka inarudi saizi yake na rangi inaachia. Loweka miguu ukitaka, mikono ipake ikiwa kavu, pitisha asetoni kidogo na usiiguse tena kwa kidole. Kama ina vipovu pengine uliitikisa chupa, hiyo huviringishwa polepole kati ya viganja.

Koti nyembamba mbili zinashinda moja nene kila siku, na kati yake subiri, usipulize kwa mdomo. Cutex za msingi wa maji ndizo zinataka subira zaidi, juu yake inashikika kavu na ndani bado laini, kwa hivyo mteja anayeenda nyumbani moja kwa moja kuosha vyombo mwambie wazi avae glavu ama aoshe kesho. Na usimuahidi itakaa kama jeli, ile inayokaushwa kwa taa, mwambie siku ulizoona kwa mkono wako, ukimwonyesha vidole vyenyewe ndio vizuri zaidi.