Mashine ya matangi mawili inaunguruma haizunguki

Waalaykum salaam dada, hiyo mashine ya kufulia ya mama ako inayounguruma tu na haizunguki, hebu usikimbilie kutafuta mota kuukuu, mara nyingi inakuwa kapasita tu imekufa, kile kidude kinachoisaidia mota ianze kuzunguka. Chomoa waya ukutani kwanza, fungua mfuniko wa nyuma utaiona, kidude chenye nyaya mbili au zaidi, na kama imevimba tumboni basi ndo mgonjwa wako huyo. Usizishike ncha zake kwa mkono, inaweka umeme hata baada ya kuchomoa, muachie fundi autoe huo umeme.

Hiyo kapasita nunua mpya, usichukue kuukuu, bei yake ndogo. Nenda na ile mbovu mkononi, namba ya uF (kipimo cha kapasita) iwe ile ile na volti isipungue ya zamani.

Ikiwa kweli mota ndo imeungua hapo sasa zunguka kwa mafundi wa Darajani na Mwanakwerekwe hapa Unguja, tafuta wale wenye mashine zilizokufa zimerundikwa nje ya banda, wanakung'olea kitu unachotaka. Piga picha nyaya kabla hujatoa kitu, beba mota yenyewe mpime matundu ya skrubu na unene wa shafti, ule mhimili wake unaozunguka. Na soma kibandiko cha mota tafadhali, za Japani ni volti 100 na sisi huku 230, mie nilipewa moja kama hiyo ikatoa moshi siku ile ile. Wakuwashie dukani ndo utoe pesa.