"Wanainama" au "wameinama"?

Msomaji wetu anaandaa maelezo ya Kiswahili ya picha mbili za Jean-François Millet, mchoraji Mfaransa wa karne ya 19. Kwenye ile ya waokota masazo ya mavuno, ya mwaka 1857, ameandika: "Wanawake watatu wanainama shambani." Mwenzake akamsahihisha: "wameinama." Anauliza: picha si inaonyesha jambo linalotendeka sasa? Hiyo -me- inatoka wapi? Tena, ni "mandhari hii" au "mandhari haya"?

Ndugu msomaji, mwenzako yuko sahihi, ila si kwa wanawake wote watatu. Vitenzi vya mkao na vya kuvaa au kushika vikitiwa -me- hutaja hali iliyopo. "Anasimama" ni mtu anayenyanyuka kitini, au aliyekuwa akitembea na sasa anatua; uliyemkuta wima "amesimama." Vivyo hivyo "anavaa" yungali anahangaika na vifungo.

Sasa itazame picha. Wawili, wa kilemba cha bluu na wa chekundu, wameinama hadi mkono unagusa ardhi. Hao ni -me- bila shaka, na uzito wote wa picha uko hapo: Millet ameupandisha upeo wa macho juu, migongo ikabaki chini yake, nyuso zikaingia kivulini, huku mwanga mkali ukiangukia marundo ya mavuno ya wenyewe kule mbali. Wa tatu, kulia, yuko nusu wima. Huyo ndiye "anainama", au "anainuka" ukipenda, mchoraji hakutuamulia. Mikono, kwa kuwa ina kazi, nayo ipewe -na-: "wameinama, wanaokota." Ukitaka kichwa cha picha tu, tumia -ki-: "Wanawake wakiokota masazo."

Picha yako ya pili, L'Angélus, ya 1857 hadi 1859, inadai umakini zaidi. Mume na mke wamesikia kengele ya sala ya jioni. Wamesimama, wameinamisha vichwa, mume ameishika kofia mkononi, uma wa kulimia umechomekwa ardhini, kikapu cha viazi kimewekwa chini. Kila kitu -me-, na utulivu wa picha unatokana na hilo. Ukiandika "wanasimama, wanainamisha" umewatia pilikapilika ambazo mchoraji aliziondoa kwa makusudi. Kinachotembea ni mwanga peke yake. Kwa hiyo: "mwanga unafifia, lakini haujaisha." Hapo "umefifia" ingeharakisha usiku, na rangi za anga bado zina joto.

Huna haja ya kuongeza "picha hii ina huzuni." Viambishi vikikaa mahali pake, msomaji ataihisi.

Kuhusu mandhari: liko katika ngeli ya i-/zi-, kwa hiyo "mandhari hii", na zikiwa nyingi "mandhari hizi." Herufi ma- mwanzoni ni sehemu ya neno lenyewe kutoka Kiarabu, si kiambishi cha wingi.