Waarabu wa Khorasan wasiojua Kiarabu

Ndugu, umeuliza kama Waarabu wa Khorasan, eneo la kaskazini-mashariki mwa Iran, ni Waarabu kweli ilhali hawajui Kiarabu. Nasaba na lugha si lazima ziende pamoja. Mwaka 671 familia zipatazo 50,000 za askari zilihamishwa kutoka Basra na Kufa, miji ya Iraq, hadi Khorasan, na vizazi vyao vikaishia kuzungumza Kiajemi. Ukoo wa Alam wa Birjand, mji wa mashariki mwa Iran, uliomtoa Asadollah Alam, waziri mkuu wa Iran wa 1962 hadi 1964, ulijinasibisha na Waarabu wa kabila la Khuzayma.

Ukichunguza familia, anza na kabila na kijiji. Majina ya ukoo yanapotosha: yalilazimishwa na sheria ya Iran ya 1925, wengi wakajichagulia tu. "Sayyid", cheo cha wanaojinasibisha na Mtume, nayo inadai mstari wa baba peke yake. DNA ikitoa J1, kundi la urithi wa upande wa baba lililo la kawaida kwa Waarabu, usishangilie. Huko Daghestan, kusini mwa Urusi, J1 imejaa tele, na watu wa huko si Waarabu.