Mtoto wa siku tatu mwenye macho ya njano

Pole dada, na hongera kwa mtoto. Njano inayoanza siku ya pili au ya tatu huwapata watoto wengi. Ini bado changa, halijaweza kuondoa haraka bilirubini, yaani ile rangi ya njano inayotokana na chembe za damu zinapovunjika. Ingeanza ndani ya saa 24 za kwanza ningekuambia ukimbie hospitali sasa hivi.

Unauliza kama umwanike juani ili njano iishe; hilo liache. Jua halina kipimo, na kichanga huungua au kupoteza maji upesi. Mwanga wa bluu wa hospitali ni kitu kingine: mtoto analazwa na nepi tu, macho yamefunikwa, na mwanga unabadilisha bilirubini ili itoke kwa choo na mkojo. Ndiyo maana unatakiwa kumnyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku, hata kama itabidi umwamshe.

Mpeleke leo apimwe damu, maana kwa macho huwezi kujua kiwango. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi angalia weupe wa macho na fizi. Akikataa kunyonya, akalegea, akapata homa, akalia kwa sauti kali isiyo ya kawaida au akajipinda mgongo kwa nyuma, usingoje kupambazuke. Bilirubini ikizidi sana huharibu ubongo.

Na choo chake kina rangi gani? Kikiwa cheupe kama chokaa, mwambie daktari. Hapo huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake haupendi kucheleweshwa.